Mgonjwa Hahesabiwi Zamu

Amira alipolazwa hospitali, aliyeumia ni mimi.

Amira ni mke mwenzangu, mke wa pili wa Ridhiwani, na kilichompeleka hospitali ni kile kile nilichokuwa nacho mimi: uvimbe kwenye kizazi. Wangu ulikuwa wa siku nyingi kuliko wake. Nilikuwa nimeubeba mpaka tumbo limetuna, na pale dukani kwetu Mtaa wa Kongo wateja wageni walikuwa wananipongeza na kuniuliza natarajia lini. Kila mwezi nilikuwa natoka damu mpaka kizunguzungu. Nikavumilia, maana nilikuwa naogopa kisu. Halafu Amira, aliyeanza kulalamika juzi juzi tu, akatangulia kutibiwa. Hata ugonjwa nao alinipita foleni.

Ridhiwani ni mtu wa Lindi kama mimi. Tulikuja naye Dar hatuna mbele wala nyuma, tukaanza na nguo za watoto za mitumba, tumezitandaza kwenye turubai pale Mchikichini, jua letu, mvua yetu. Duka la jumla analojivunia leo lina jasho langu. Amira alilikuta duka lina feni na vioo. Hilo nalisema kila ninapopata nafasi, na nitalisema tena.

Mimi nakaa Ilala, Amira anakaa Magomeni. Ridhiwani hulala kwangu siku mbili, kwake siku mbili. Hiyo ndiyo zamu, na mwanamke mwenye mwenza hachezi na zamu. Wengine wanagombania viwanja na magari. Mimi nilikuwa nagombania siku zangu mbili, zisiguswe, maana nilijua zikianza kumegwa moja moja, mwisho nitabaki na jina la mke na mume wa kuonana naye dukani.

Tena mimi na Amira hatuzungumzi. Tukikutana msibani ni "Shikamoo dada," "Marahaba," basi, kila mtu anatafuta jamvi lake. Namba yake sina, yangu hana. Habari zake nazipata kwa mdomo wa Ridhiwani, na zangu anazipata kwa mdomo huo huo. Nilikuwa naona hiyo ndiyo heshima. Mwanamke anayejijua hapigi soga na mke mwenziwe.

Basi mwezi uliopita Ridhiwani akaja na habari, siku zangu zinaanza kesho yake.

"Mama Sitara," akaniambia, Sitara ni binti yetu aliyeolewa Dodoma, "Amira kesho anatibiwa ule uvimbe. Watamlaza."

"Kwenye zamu yangu?"

"Mgonjwa hahesabiwi zamu. Nitakaa naye hospitali. Mtu huwezi kumwacha mkeo na dripu mkononi ukaenda kulala."

Ningesema nini? Ukimkatalia mgonjwa, wewe ndiye mbaya. Nikamwacha aende, lakini nilichoka roho. Siku zile mbili sikula chakula kikapita. Nilikuwa namwona Ridhiwani amekaa ukingoni mwa kitanda, kamshika mkono, anampepea, anamlisha uji kwa kijiko. Mimi nilipojifungua Sitara alikuwa Feri anasubiri samaki wa kukaanga, akaja na harufu ya mafuta akauliza ni wa kike au wa kiume. Amira, kwa tundu moja la sindano, anakeshewa. Nililia kwa wivu, na sioni aibu kusema, kwa sababu kilichokuwa kinaliwa kilikuwa changu.

Siku ya tatu akapitia kwangu kabla ya kwenda Magomeni, macho mekundu, anapiga miayo. Nikamwonea huruma jinsi kiti cha hospitali kilivyomtesa. Nikampikia samaki wa nazi.

Hapo ndipo nilipoacha kuogopa kisu. Nikaenda kwa daktari yule yule aliyemtibu Amira, Daktari Klara, kwenye hospitali moja ya Upanga. Mwanamke mpole, sauti ya chini, anakusikiliza mpaka unamaliza.

"Hakuna kisu," akanieleza. "Tunatoboa tundu dogo hapa, paja linapoanzia, tunapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa mpaka tufike kwenye kizazi. Tunaziba vijishipa vinavyoulisha uvimbe. Ukikosa chakula, unasinyaa wenyewe taratibu."

Niliipenda sana dawa hiyo. Kitu kilichojishikiza mwilini mwako kinakula chako, unakikatia chakula, kinasinyaa. Nilimfikiria Amira bila kutaka.

"Nitalazwa siku ngapi?" nikauliza.

"Wewe hulazwi. Utaingia asubuhi, jioni utarudi nyumbani."

"Mbona mwenzangu Amira alilazwa?"

"Habari za mgonjwa mwingine sizisemi, mama. Ila nitakueleza tunavyofanya kwa wote." Akaweka kalamu chini. "Tiba ni ile ile. Mrija ni ule ule, na uvimbe haujui kama mwenyewe amelala hapa au kwake. Tofauti iko kwenye saa za mwanzo. Yatakuja maumivu ya tumbo, wengine wanayafananisha na uchungu wa kuzaa. Aliyelala hapa tunamchoma dawa na kumpima mara kwa mara. Aliyerudi nyumbani tunampa vidonge na namba ya kupiga, na lazima awe na mtu mzima wa kumwangalia, asiwe mbali na hospitali. Kwa hiyo tunamlaza mwenye pumu, mwenye presha, mwenye tatizo la moyo, au asiye na mtu. Wewe presha yako nzuri, damu imepanda kwa vidonge vya kuongeza damu tulivyokupa, na Ilala ni hapo tu. Ukirudi kwako utatumia fedha kidogo, na mtu hupumzika vizuri kitandani kwake kuliko hapa tunapowasha taa kila saa."

Pumu. Ridhiwani alishaniambia kwamba Amira ana pumu. Pumu gani hiyo, mtu harusini anapiga vigelegele kuwashinda watu wote?

Maneno ya daktari yalikuwa ya maana, kila moja, na hakuna hata moja lililoniingia. Mimi nilichosikia ni kwamba Amira anastahili kitanda, na mimi Zena nastahili vidonge kwenye bahasha.

"Nyumbani nani atakuangalia?" akauliza.

Nyumbani ninaye Nasma, binti wa dada yangu, mtu mzima wa miaka thelathini, anayejua kuuguza kuliko wengi waliosomea. "Sina mtu, daktari," nikasema. "Niliyekuwa naye amesafiri, kaenda Lindi."

"Na mume?"

"Mume wangu ana nyumba mbili. Siku hiyo siyo yangu."

Hilo lilikuwa kweli tupu. Siku ile niliichagua mwenyewe, nikihesabu kwa vidole, mpaka ikaangukia katikati ya zamu ya Amira. Yeye alilazwa kwenye siku zangu akakeshewa na mume wangu. Na mimi nilazwe kwenye siku zake, nikeshewe na mume wake. Daktari Klara akanitazama kidogo, kisha akasema sawa, watanitafutia kitanda.

Nikampelekea Ridhiwani habari dukani, mbele ya marobota ya nguo.

"Mgonjwa hahesabiwi zamu," nikamwambia. "Maneno yako hayo."

Nilijiandaa kwa ugomvi. Ridhiwani akakuna kidevu, akatazama dari, kisha akatabasamu. "Ni haki yako, Mama Sitara. Utalazwa na nitakuja." Nilishangaa alivyokubali upesi, lakini mtu akipewa anachokitaka hachunguzi mkono uliompa.

Nikasuka nywele. Nikanunua dera jipya na doti ya kanga ya kujifunika kitandani. Mtu angeniona angedhani naenda fungate. Nasma alikuwa anapanga nguo zangu kwenye begi huku amevuta mdomo.

"Mama mdogo, mimi nimesafiri lini?"

"Tangu juzi. Ukipigiwa simu uko Lindi, mtandao mbaya."

"Mtu akiacha kitanda chake na mimi wa kumpikia uji, anaenda kulala kwa watu?"

"Wewe hujaolewa," nikamwambia. "Nyamaza."

Siku yenyewe ikafika. Waliniganzisha pajani, sikulala usingizi, nikawa namsikia daktari akiongea na wenzake huku wanaangalia kioo. Hakuna nilichohisi zaidi ya kusukumwa sukumwa. Nikajisemea, kumbe ni hiki tu. Kisha wakanirudisha wodini, wakaniambia nilale chali, mguu ule nisiukunje, na kwa kuwa nimelazwa, nisijaribu kuinuka mpaka asubuhi. Mchana maumivu yakaja. Yalikuwa ya kweli, hayakuwa ya zamu. Muuguzi Celina, mwanamama wa Kichaga mwenye mikono mikubwa, akanichoma sindano, akanifuta uso kwa kitambaa cha maji. Kwa muda mfupi nilifurahi kuwa pale kwa sababu za mgonjwa wa kawaida.

Saa ya kuona wagonjwa ikafika. Ridhiwani akaingia na kanzu nyeupe, amenyoa ndevu vizuri, na nyuma yake Amira, kikapu cha chai mkono mmoja, mto mkono wa pili.

"Shikamoo dada. Pole."

"Marahaba." Nikamgeukia Ridhiwani. "Huyu kaja kufanya nini?"

"Atakaa na wewe. Wanataka mtu wa kike wa kukusaidia, mambo ya choo, ya kujifuta. Nasma si amesafiri?"

Alisema hivyo ananitazama machoni, yeye ambaye juzi tu Nasma alimpakulia wali kwa mkono wake. Muuguzi Celina alikuwa pale pale anarekebisha dripu. Ningesema Nasma yupo, ningeumbuka. Ningesema hayupo, mke mwenzangu anakaa kitandani kwangu. Nikasema ndiyo, amesafiri.

Basi Ridhiwani akakaa upande wangu wa kulia, Amira kwenye kiti upande wa miguu. Akanimenyea chungwa. Akanishika mkono, kweli akanishika, mbele ya Amira. Nikaugua kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Nilimwona Amira anageuza uso dirishani, na nakwambia maumivu yakapungua kuliko kwa sindano. Nikawaza: akae tu. Akae ashuhudie ninavyouguzwa, akonde kama nilivyokonda mimi kwa kuwaza tu.

Muuguzi Celina akapita akigonga vitanda. "Muda umekwisha. Akina baba, tunawaaga."

Ridhiwani alikuwa ameshasimama. Nikamshika kanzu.

"Wewe kaa." Nikamwambia muuguzi, "Huyu ni mume wangu, leo atalala hapa na mimi. Huyu dada anaweza kwenda."

"Haiwezekani, mama. Hii wodi ya akina mama, mwanamume halali."

"Mbona alilala na huyu?" Nikamwonyesha Amira kwa kidevu. "Mwezi uliopita, hapa hapa, siku zote alizolazwa."

Muuguzi Celina hakukasirika. Alicheka kwa upole, kama mtu anayemwelewesha mgonjwa aliyelewa dawa. "Mama, mimi niko kwenye wodi hii tangu inafunguliwa. Hajawahi kulala mwanamume, hata dakika. Labda ni hospitali nyingine."

Nikamtazama Ridhiwani. Ridhiwani akatazama saa yake.

"Gari nimeliegesha vibaya," akasema. "Watalifunga mnyororo. Nitawapigia." Akaitoa kanzu yake vidoleni mwangu, taratibu, kama mtu anayeitoa kwenye mwiba, akaondoka na wanaume wengine. Hakukimbia, lakini viatu vyake vilisikika haraka kuliko vya wenzake.

Muuguzi akaenda kitanda kingine. Amira alikuwa amekaa vile vile, mikono mapajani. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya shikamoo.

"Dada Zena," akasema. "Nani alikwambia alilala hapa?"

"Yeye."

"Hapa nililala na mama yangu. Alikaa kwenye kiti hiki hiki. Yeye alikuja saa ya kuona wagonjwa, ikiisha anaondoka. Nilimwomba akae hata nje kwenye gari, nilikuwa naogopa kifua kisinibane. Akasema hawezi, ni zamu yako, na wewe husamehe zamu hata mtu akiwa anakufa."

"Mimi aliniambia anakushika mkono."

"Nilikulaani, dada, sikufichi. Nililala hapa nikikuona uko naye sebuleni kwako mnakunywa chai, mnanicheka. Nilisema, huyu mama ana roho gani."

Nilitaka kumjibu vibaya, kwa mazoea tu. Siku zile zile nilizokuwa nalia kwa sababu yake, yeye alikuwa analia kwa sababu yangu.

"Alirudi kwangu macho mekundu," nikasema. "Nikamhurumia."

"Na aliponifuata hapa kunirudisha nyumbani alikuwa ananukia udi wako. Nikajifunika kanga puani njia nzima mpaka Magomeni."

"Udi wangu?" Nikataka kuinua kichwa, paja likanivuta. "Mimi sichomi udi. Ule ni wako. Shati zake zinanuka udi tangu Ramadhani. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka ujue unaniudhi."

Amira akanitazama. "Nina pumu, dada. Nikichoma udi nalazwa."

Kumbe alikuwa na pumu kweli. Nilisikia wenzetu wa vitanda vingine wanafungua vyombo vya chakula, harufu ya mtori na ya wali zinachanganyika, na mimi moyoni naona kitu kinageuka. Wivu niliokuwa nao kwa Amira niliujua, niliulisha, nilijua nitausikia saa ngapi na utaniuma wapi. Sasa kulikuwa na mwanamke mwingine, sina jina lake, sina sura yake, sijui yuko mtaa gani, anachoma udi. Huyo hana zamu. Anachukua kwangu na anachukua kwa Amira, na kila mmoja wetu anamtukana mwenziwe. Watu husema vita vya panzi, furaha ya kunguru. Kunguru wetu alikuwa amevaa kanzu nyeupe na kunyoa ndevu.

"Mpigie," nikamwambia Amira.

Akapiga. Akaniwekea simu sikioni nisikie mwenyewe: namba unayopiga haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani.

Nikamwita Muuguzi Celina. Nikamwambia nimepata nafuu, naomba niende nyumbani, na mtu wa kuniangalia ninaye, karudi kutoka Lindi sasa hivi.

"Mama, ungesema hivyo tangu mwanzo tungekutayarisha mapema, jioni hii ungekuwa kwako," akasema. "Sasa daktari ameshaondoka, na wewe ni mgonjwa wa kulazwa. Huinuki mpaka aje asubuhi akuone." Akaulainisha mto, akamwambia Amira, "Na wewe dada usimwache. Usiku akitaka kuinuka, mzuie."

Amira akaitikia kwa kichwa. Akanimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa, akanishikia shingo ninywe.

"Nenda ukamtafute," nikamwambia. "Mimi sifi."

"Niende wapi? Kwangu hayupo. Kwako hayupo."

Hapo ndipo nilipoona kazi niliyoifanya. Mwezi uliopita Ridhiwani alilazimika kujitesa kidogo. Ilibidi anidanganye mimi, amdanganye Amira, akumbuke aliyosema huku na aliyosema kule. Leo hakuwa na kazi hata moja. Siku nilimchagulia mimi. Uongo kwa daktari nilimsemea mimi. Nikamkusanyia wake zake wawili kwenye chumba kimoja, mmoja haruhusiwi kukunja mguu, mwingine haruhusiwi kuondoka, nikamwachia mji mzima.

Amira alikuwa amefika mahali pale pale kwa njia yake. Nilimwona anavyoitazama ile dripu.

"Dada," akauliza, "kama ungekubali kurudi nyumbani leo jioni, kama daktari alivyotaka, ingekuwaje?"

Nilifikiri kwanza kumwambia uongo.

"Mimi ningekuwa kitandani kwangu na Nasma," nikasema. "Na yeye angekuwa kwako."